Swali Moja, Lugha Tatu

Kitinda hakwenda kwenye usaili ule kuomba huruma ya mtu. Alikwenda na kazi yake mikononi kama fundi mwingine yeyote, na ndiyo maana walichomfanyia kinaudhi hata ukisimuliwa na mtu ambaye hakuwepo.

Jina la Kitinda alipewa nyumbani kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, likamganda mpaka akawa mama mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika na miaka chungu nzima ya kuandika programu za kompyuta. Kampuni aliyoitumikia ilifungwa ghafla, mwenyewe akayeyuka, simu yake ikawa haipatikani. Kitinda akajikuta kwa dada yake, analala kwenye chumba cha kushonea, katikati ya cherehani na magauni ya watu yanayosubiri vifungo.

Dada yake, mshonaji, hakumsema hata siku moja. Shemeji yake, fundi wa friji, alimsema kila siku, ila kwa utani, na utani wa shemeji unavumilika.

"Shemeji," alikuwa akimwambia, "hiyo kompyuta yako ingekuwa friji ningeshaitia gesi zamani, ikaanza kufanya kazi."

Lakini chini ya utani ule palikuwa na jambo. Binamu yake shemeji alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na alitaka mtu wa kukaa kaunta, mtu anayeaminika, asiye na mkono mrefu. Kitinda alikubali kwa shingo upande kwamba akikosa kazi ya kompyuta, ataingia dukani. Si kwamba kuuza misumari ni aibu. Ni kwamba alijijua. Akishaingia huko, akazoea kuamka, kufungua, kufunga na kulala, kompyuta ndiyo basi tena. Kazi aliyoipenda kuliko zote duniani ingebaki kuwa hadithi ya zamani zake.

Ndipo akaitwa kwenye usaili.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, na ngazi zake zilinuka rangi mpya. Viti vya plastiki vilipangwa ukutani. Kulikuwa na mtungi wa maji ya baridi usio na vikombe. Mbele kulikuwa na chumba cha vioo chenye meza moja na kompyuta moja, na juu ya vioo hivyo yamebandikwa maandishi makubwa ya rangi ya machungwa: SISI NI FAMILIA. Mtu mwenye akili timamu angegeuka na kushuka ngazi palepale, lakini mtu asiye na kazi husoma maneno kama hayo akaona mapambo tu.

Meneja alikuwa mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linakaribia kukata. Neno lake lilikuwa asante. Alimshukuru Kitinda kwa kufika, akamshukuru kwa kukaa, akamshukuru kwa kukubali maji ambayo hayakuwa na cha kunywea.

"Ni kitu kidogo tu," alisema. "Mchezo, kwa mtu kama wewe. Tunataka kuona unavyofikiri."

Swali lilikuwa kwenye kompyuta, na kweli lilikuwa dogo. Umepewa ujumbe mrefu. Ufupishe uenee kwenye meseji moja ya simu, yaani herufi mia moja na sitini, wala usikate neno katikati. Andika jibu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, kisha uliandike upya kwa PHP, kisha upya tena kwa C.

"Kwa nini lugha tatu?" Kitinda aliuliza. "Jibu ni lilelile."

"Tunapima upana wako. Asante kwa kuuliza."

Mfano wa ujumbe uliwekwa hapohapo chini ya swali: "Ndugu mteja wetu mpendwa, uongozi wa kliniki pamoja na wafanyakazi wote tunakusalimu na tunakutakia afya njema wewe pamoja na familia yako yote. Tunapenda kukukumbusha kwamba kesho asubuhi unatakiwa kufika kwa kipimo cha damu. Tafadhali usile wala kunywa chochote kabla ya kipimo."

Kitinda aliusoma akacheka kwa uchungu. Dada yake alikuwa na kisukari, na kliniki yake ilimtumia meseji za namna hii hii. Mara ya mwisho ilifika mpaka "Tunapenda kukuk" ikaishia hapo. Dada wa watu akanywa chai yake asubuhi, akaenda, akapanga foleni, akafika dirishani akaambiwa arudi nyumbani kwa sababu amekula. Hakuwa na kosa. Walimtumia salamu nzima, shida wakaikata.

Kwa hiyo Kitinda hakulichukulia swali lile kama mchezo. Mtu mwingine angehesabu herufi kutoka mwanzo, akarudi nyuma mpaka kwenye nafasi kati ya maneno, akakata, akaenda zake. Jibu lingekuwa sahihi na lisingemfaa mtu yeyote. Sisi tukiandikiana tunaanza na salamu, tunapita kwa habari za nyumbani, ndipo tunafika kwenye lililotuleta. Ukikata mwisho umekata lililokuleta. Basi yeye akaandika programu inayokata mwanzo. Ujumbe ukizidi, sentensi nzima ya mbele inaondoka, na mahali pake linakaa neno moja tu, "Salamu", na nukta tatu za kuonyesha kwamba kuna maneno yameachwa. Ukiwa bado umezidi, inaondoka sentensi inayofuata. Maagizo yanabaki yote, mpaka neno la mwisho.

Python ilimchukua muda mfupi. Ile ni lugha ya watu waungwana. Unaiambia kata hapa, unga pale, yenyewe inajua itahifadhi wapi. PHP ilitaka kila kitu kitangulizwe alama ya dola, akakitangulizia, akamaliza. C sasa, C haina utani na mtu. Humo unaomba nafasi ya kila herufi, na ukimaliza kuzihesabu herufi zako unaongeza nafasi moja ya alama ya kufungia, alama isiyoonekana kwa macho. Usipoiachia nafasi yake itajitafutia yenyewe, au mashine itaendelea kusoma upuuzi ulio mbele mpaka ijikwae. Kibaya zaidi, kompyuta ile haikuwekewa kitu cha kuendeshea C. Ilibidi aandike kwa kichwa bila kuona matokeo, huku meneja amesimama nje ya kioo anagonga saa yake kwa kidole na kutabasamu.

Alimaliza. Meneja akasoma juu juu, nyusi zikapanda.

"Umeanza kukata mbele," alisema. "Hilo hatukulifikiria."

"Shida ya mtu huwa nyuma," Kitinda alimjibu.

"Asante sana. Tutakupigia."

Alikuwa katikati ya ngazi alipoliona kosa lake, kama unavyokumbuka umeacha jiko linawaka. "Salamu" na nukta tatu ni herufi tisa. Kwenye C aliomba nafasi tisa. Alama ya kufungia haikuachiwa yake, kwa hiyo ingechukua ile ya mwisho, na nukta ya tatu ingemezwa. Ingetokea "Salamu" na nukta mbili. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Alisimama pale ameshika ukuta wenye rangi mbichi, akafikiria kurudi juu, akaona haya, akashuka.

Hawakupiga. Siku zikaenda, simu kimya. Kitinda akajilaani kwa ile nukta. Alijiambia wameiona, wamesema huyu mama amezeeka, hata nafasi ya alama ya kufungia anasahau. Alipoteza hamu ya kula. Dada akimbembeleza anasema ameshiba. Mwishowe alimwambia shemeji yake amjulishe binamu kwamba Jumatatu atakuwa kaunta, na shemeji, kwa mara ya kwanza, hakutia utani.

Ilikuwa mchana, Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo, dada yupo kwenye cherehani anaunga mkono wa gauni, simu yake ikalia mezani.

"Kitinda, hebu njoo," aliita. "Leo kliniki wamepata akili. Wamenieleza kitu nikakielewa mpaka mwisho. Kumbe nisile! Safari hii hata maji sinywi."

Kitinda aliichukua simu kwa furaha ya dada yake. "Salamu.. Tunapenda kukukumbusha kwamba kesho asubuhi unatakiwa kufika kwa kipimo cha damu. Tafadhali usile wala kunywa chochote kabla ya kipimo."

Alisoma mara ya kwanza akafurahi kweli, furaha ya mtu kuona kazi imefanywa vizuri. Aliposoma mara ya pili, furaha ilimwisha mwilini yote.

Nukta mbili.

"Dada," alisema. "Hii nimeiandika mimi."

"Umeniandikia wewe? Si imetoka kliniki?"

Ikabidi aeleze, kwa dada na kwa shemeji aliyekuwa ameingia na kopo lake la gesi begani. Alieleza swali, lugha tatu, salamu zilizokatwa, nafasi tisa. Shemeji alikuna kidevu.

"Pole pole, shemeji. Dunia ina watu wengi. Huenda mwingine naye amewaza kama wewe."

"Awaze kama mimi, sawa. Akosee kama mimi?"

Shemeji akaliweka kopo chini kwa kishindo.

"Yaani wamekula chakula chako na sahani hawakuosha!"

"Hata kusahihisha hawakusahihisha!" Kitinda alikuwa amesimama sasa. "Mimi silali, nasema nimefukuzwa na nukta, kumbe nukta yangu imeajiriwa! Inakwenda kwa wagonjwa kila siku, mimi niko hapa na misumari inaningoja!"

"Mtu aniite nikamwangalizie friji," shemeji alisema, na mishipa ilikuwa imemsimama shingoni, "aseme ni majaribio tu, anaangalia ninavyofikiri. Nihangaike, ipoe. Halafu aniambie tutakupigia? Ningeing'oa na ile gesi! Twende wote kesho, nikaonane na huyo wa asante."

"Wewe mpeleke mkeo kliniki. Huyo niachie mimi."

Kesho yake Kitinda alizipanda zile ngazi mbili mbili. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, makali, yanayofuatana. Alipofungua mlango, maneno yakamkwama, kwa sababu viti vyote vya plastiki vilikuwa na watu.

Mwanamume wa makamo alikuwa amepakata begi la ngozi lililochubuka. Msichana mwenye miwani alikuwa anasogeza midomo kama anayekariri. Kulikuwa na mwanamke aliyefunga kilemba, na karibu na dirisha mtu mwembamba wa tai aliyekuwa akilifuta jasho la viganja kwenye suruali. Kila mmoja alishika kikaratasi cha swali lake. Mpokezi alimtazama Kitinda, akamwambia hayumo kwenye orodha ya leo, asubiri, meneja ana mtu. Kitinda alikaa pembeni ya msichana wa miwani.

"Mmepewa nini safari hii?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Kitu kidogo tu," msichana alisema. "Watu wanajaza namba za simu ovyo ovyo, mwingine kwa vistari, mwingine kwa mabano. Ziwe za mtindo mmoja. Niandike kwa Java, halafu PHP."

"Mimi majina," mwanamume wa begi alidakia, bila kuulizwa. "Mengine yameingizwa mara mbili, moja kwa herufi kubwa, jingine kwa ndogo. Niyatambue. Kwa C na Python."

Mwanamke wa kilemba alikuwa na tarehe. Mtu wa tai alikificha kikaratasi chake kifuani, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa.

Kitinda aliegemea ukuta, na picha yote ikajipanga kichwani mwake bila kuiita. Ripoti za ofisini ni Python. Mashine kubwa inayohifadhi habari za wagonjwa ni PHP. Kifaa kidogo kinachotuma meseji pale kliniki ni C. Programu ya kwenye simu za wauguzi ni Java. Upana, upana gani! Hawakuwa wanapima upana wa mtu. Mfumo wao ulikuwa na matundu kila upande, katika kila lugha, na badala ya kuajiri mtu wa kuyaziba walikuwa wanaita watu wenye njaa, wanampa kila mmoja tundu lake, anashona kiraka, wanasema asante, tutakupigia. Na waliokuja walikuwa wanapiga mswaki, wanaazima viatu, wanaombewa dua nyumbani kabla ya kutoka. Damu ilimchemka mpaka masikio yakawa ya moto.

Mlango wa vioo ulifunguka. Meneja alimwona, na badala ya kushtuka akatabasamu.

"Ah! Mama wa salamu! Karibu, karibu ndani. Asante kwa kuja, umeniondolea kazi ya kukutafuta."

Kitinda aliingia na kubaki wima.

"Meseji aliyopokea dada yangu jana ni kazi yangu."

"Kweli kabisa," meneja alisema. Macho makavu, hata kope hazikucheza. "Na imesaidia sana. Kliniki zimetupigia kutupongeza. Watu hawarudishwi tena kwenye foleni. Si jambo jema hilo?"

Hapo ndipo palipomuuma, maana lilikuwa jambo jema. Dada yake saa ile alikuwa anatolewa damu bila kurudishwa. Mtu akikuibia akaenda kufanya uovu, unajua pa kumshika. Huyu aliiba akatenda wema, na alitaka kushukuriwa.

"Mliniambia ni usaili."

"Ulikuwa usaili."

"Usaili wa nafasi gani? Mmemwajiri nani?"

"Bado tunatafuta mtu anayefaa. Tumetafuta mwaka mzima."

"Mwaka mzima mnatafuta, na mfumo unazidi kukamilika! Hamwoni haya? Kuna mtu pale nje ana umri wa kuwa na wajukuu, amekariri C usiku kucha, mnataka kumkamua na kumtupa!"

Meneja aliinua viganja, taratibu, kama anayetuliza mtoto.

"Nakuelewa. Keti, tafadhali. Nilikuwa nataka kukutafuta kwa sababu hii hii. Tatizo letu si watu, watu wapo tele. Tatizo ni maswali. Anayetutungia maswali anatunga makubwa mno, mtu anaondoka hajamaliza, tunaambulia nusu ya kazi. Wewe unajua kukata. Umekata ujumbe bila kuua maana yake. Nataka mtu wa kunikatia huu mfumo vipande vidogo vidogo, kila kipande kimtoshe mtu mmoja kwa asubuhi moja." Alisogeza kiti upande wake wa meza. "Kazi ya kudumu. Mshahara kila mwisho wa mwezi. Meza yako, kompyuta yako. Jumatatu tunaanza."

Tusidanganyane: Kitinda alikitamani kile kiti. Alikitazama kilivyo, cha magurudumu, kitambaa bado kina nailoni yake ya dukani. Alijiona amekaa, mikono kwenye vibonye, Jumatatu asubuhi. Alimwona dada yake akitangaza kwa wateja wake kwamba mdogo wake amepata. Mate yalimjaa mdomoni, akayameza, na alijichukia kwa kuyameza.

"Na hao walio nje?" aliuliza. "Wao kuna nafasi ngapi?"

"Wao ni wasailiwa," meneja alisema, akionekana kweli hakuelewa swali. "Nafasi ni hii yako. Fikiria. Asante."

Kitinda hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitoka tu, akasimama katikati ya vile viti. Watu wote walimtazama kwa lile jicho la mtu anayetaka kujua kama swali lilikuwa gumu. Ni macho yale yaliyomfungua kinywa.

"Jamani, nisikilizeni. Hapa hakuna usaili. Mlichoshika ni kazi zao, si maswali. Mtaandika, watachukua, watatumia, hamtapigiwa simu mpaka mnaingia kaburini. Mimi walinifanyia, na kazi yangu inatumika mpaka leo."

Walitazamana. Mwanamume wa begi alikohoa.

"Mama," alisema kwa upole unaouma kuliko tusi, "kama umeshindwa, nenda ukapumzike. Usituvunje moyo. Sote tumetoka nyumbani na tumaini."

"Sijashindwa!"

"Basi kama hukushindwa, mbona hawakukuchukua?"

Mtu wa tai aliguna. Mpokezi alikuwa ameshainuka, anamwambia Kitinda asilete fujo, hii ni ofisi ya watu. Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamlenga, na aliona akianza kulia ndio utakuwa ushahidi wao kwamba ameshindwa. Alimgeukia msichana wa miwani, ambaye jina lake lilikuwa linaitwa wakati huohuo.

"Mwanangu, usiniamini mimi. Ukiingia, kabla hujagusa chochote, mwombe akuonyeshe meza utakayokaa ukipata kazi. Basi, hilo tu."

Msichana aliingia. Vioo havikupitisha sauti, lakini vilionyesha kila kitu. Walimwona akisimama mbele ya kompyuta bila kukaa. Walimwona akiuliza. Meneja alitabasamu, akajibu kirefu, mikono inapanda na kushuka. Msichana akauliza tena. Meneja akatazama huku na huku ndani ya kile chumba chenye meza moja, kisha akainua mkono na kuonyesha kidole kupitia kioo, moja kwa moja, kwa Kitinda.

Msichana alitoka. Alikuwa amekunja uso.

"Anasema meza ni yako," alimwambia Kitinda, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Anasema kazi umeshapewa wewe, unaanza Jumatatu."

Kama kulikuwa na huruma yoyote kwenye vile viti, iliondoka yote kwa pamoja. Mwanamke wa kilemba alipiga kofi pajani.

"Ala! Kumbe ndiyo maana unatufukuza! Umeshashiba, unatuziba midomo sisi!"

"Ni kweli?" mwanamume wa begi aliuliza. "Umepewa?"

Kitinda alitazama nyuma. Meneja alikuwa amesimama mlangoni pa vioo, anamtikisia kichwa kwa upole, akimsubiri. Angeweza kusema si kweli. Angeweza kusema bado nafikiria, na huo ndio ungekuwa ukweli, maana mpaka pumzi ile alikuwa bado anafikiria, kiti kile kilikuwa bado kinamwita.

"Nimepewa," alisema. "Nimeikataa."

Alijisikia akilisema, na hapohapo akajiona kaunta, nyuma ya makopo ya rangi. Meneja aliacha kutikisa kichwa.

"Umekataa kazi?" msichana aliuliza, kama mtu aliyesikia jambo chafu. "Kazi gani?"

"Ya kuwatungia nyinyi maswali."

Mwanamume wa begi alikitazama kikaratasi chake upande wa mbele, akakigeuza, akakitazama nyuma. Aliinuka polepole kwa magoti yanayolia, akamfuata meneja mpaka mlangoni, akakiweka kile kikaratasi kwenye mfuko wa shati la meneja lililopigwa pasi, akashuka ngazi bila kumuaga hata mtu mmoja. Mwanamke wa kilemba alimfuata akitukana mpaka chini. Msichana wa miwani alisimama karibu na Kitinda, amelishika begi lake kwa mikono miwili.

"Nimekodi hivi viatu," alisema.

Walikuwa wanaelekea mlangoni wote wawili Kitinda alipogeuka. Mtu mwembamba wa tai hakuwa ameinuka. Alikuwa ameinamisha kichwa, hamwangalii mtu. Kisha alihama kutoka dirishani, akapita kiti kimoja, akapita kingine, vyote vitupu, akakaa kilicho karibu kabisa na chumba cha vioo.

"Kaka," Kitinda alimwita. "Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia, dada," alijibu, bila kuinua macho. "Kwangu wamelala na njaa."

Meneja alifungua mlango wa vioo, akamwambia asante kwa kusubiri, na yule mtu akaingia.